Kilomita tano, miaka mitano: reli ya abiria wa mjini inavyojengwa na inavyolipiwa

Tangu Juni 2024, treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro na mwezi uliofuata ikafika Dodoma, kila barza ya Unguja ina swali lake: na sisi lini? Mwenye kuuliza ana haki. Mtu anapanda treni Dar, baada ya saa tatu na kitu yuko Dodoma. Akirudi kwao anashuka bandarini Malindi, anakwenda Darajani kwa miguu, halafu anagombania mlango wa gari ya 502 kwa safari ya Bububu isiyozidi kilomita kumi na kidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Hiyo ni karibu nusu ya Wazanzibari wote 1,889,773, na kila asubuhi sehemu kubwa yao inaelekea upande mmoja.

Majibu ya barazani huwa mawili: pesa hakuna, au wakubwa hawataki. Hayo hayatoshi. Wapo watu wa California, Marekani, wenye pesa kutushinda, na wakubwa wao walitaka, lakini kusogeza treni kilomita tano kuliwachukua miaka mitano. Habari yao nimeifuatilia kwa muda mrefu kwa sababu mafundo yote ya kazi hii yamo ndani yake: ardhi, kura, tozo, mahakama, mkandarasi. Mwenye kuielewa hatababaishwa tena na tangazo la “mradi umefikia asilimia kadhaa”, iwe ni Dar, Nairobi au, inshallah, Unguja.

Reli ya Windsor

Kaskazini ya San Francisco, Marekani, kuna kaunti mbili zinazopakana, Marin na Sonoma. Zamani treni ilipita huko. Huduma ya abiria ilikufa 1958, magari na barabara kuu yakachukua nafasi yake. Lakini njia yenyewe, ule ukanda mrefu wa ardhi uliobeba reli, haikukatwa viwanja. Hatimaye ikaingia mikononi mwa taasisi za umma. Miaka ikapita, foleni za magari zikawa hazivumiliki, ndipo watu wakakumbuka kwamba njia bado ipo.

Mwaka 2006 wananchi waliulizwa kwa kura kama wanakubali kulipa kodi ya kufufua treni. Kwa sheria za California kodi ya namna hiyo inahitaji theluthi mbili ya kura, na waliosema ndiyo walipungua kidogo tu. Wakaulizwa tena 2008, ikapita: robo senti kwa kila dola ya manunuzi. Ukinunua kitu cha dola 100, senti 25 zinakwenda kwenye reli. Mpango ulikuwa kujenga kilomita kama 110, kutoka mji wa Cloverdale kaskazini mpaka Larkspur kusini, mahali ambapo abiria anashuka kwenye treni na kupanda boti ya kwenda San Francisco. Sisi watu wa boti tunaijua thamani ya kituo kama hicho.

Mwaka huo huo wa 2008 uchumi wa dunia ukaanguka. Watu walipopunguza kununua, kodi ya mauzo nayo ikapungua. Mradi ukalazimika kukatwa vipande. Agosti 2017 treni ilianza kwenye kilomita 69 za katikati, na Desemba 2019 ikafika Larkspur kwenye boti. Kilichofuata kilikuwa kipande cha kaskazini, kutoka kituo cha uwanja wa ndege wa Sonoma mpaka mji mdogo wa Windsor. Kilomita kama tano.

Kazi ilianza 2020. Sehemu ya fedha ilitegemea tozo ya madaraja: mwezi Juni 2018 wapigakura wa eneo zima la ghuba ya San Francisco walikubali magari yaongezewe nauli ya kuvuka madarajani, na ndani ya tozo hiyo kulitengwa dola milioni 40 za kusogeza reli kwenda Windsor na mji unaofuata, Healdsburg. Wapinzani wakaenda mahakamani. Hoja yao: hii si tozo, hii ni kodi iliyovishwa jina la tozo, na kodi ilipaswa kupata theluthi mbili, wakati nyinyi mmepata nusu na kidogo. Wakati kesi inasikilizwa, magari yaliendelea kulipa darajani, lakini fedha zikawekwa kwenye akaunti maalumu, hakuna ruhusa ya kuzigusa. Mkandarasi akasimama.

Huku kesi ikiendelea, mambo mengine mawili yaliwakuta. Machi 2020 wananchi walikataa kuongeza muda wa ile kodi ya robo senti. Zaidi ya nusu walikubali, lakini theluthi mbili haikufika. Wiki hizo hizo Covid ikaingia na mabehewa yakabaki matupu. Mahakama ya Juu kabisa ya California iliifunga kesi Januari 2023, fedha zikafunguliwa, mafundi wakarudi. Treni ya kwanza ya abiria ilifika Windsor tarehe 31 Mei 2025.

Hebu fikiria mtu wa Windsor aliyeuliza mwaka 2021, “ujenzi umefika wapi?” Jibu la asilimia lingemdanganya. Kilichosimama wakati huo ni karatasi ya mahakama, na hakuna greda duniani linaloweza kuisukuma.

Hali nne za fedha

Hapa ndipo habari nyingi za miradi zinapotuchanganya. Kiongozi anasimama na kusema mradi una shilingi bilioni kadhaa, mwandishi anaandika, sisi tunashangilia. Lakini fedha ya mradi hupitia hali nne, na kila moja ina umbali wake na mchanga na zege.

Kwanza imetajwa: ipo kwenye hotuba au kwenye mpango wa maendeleo. Halafu imeidhinishwa: Baraza la Wawakilishi au Bunge limepitisha bajeti, au wapigakura wamekubali kodi. Halafu imefungwa kwa saini: mkataba wa mkopo umetiwa saini, masharti yanajulikana, mdhamini yupo. Mwisho imeingia: imo kwenye akaunti na mkandarasi anaweza kulipwa hati yake ya madai ya mwezi. Zile dola milioni 40 za Windsor zilipita hali ya kwanza na ya pili, zikaendelea kukusanywa kila siku darajani, lakini hazikuingia kwenye mradi kwa miaka.

Reli ya kisasa ya Tanzania inaonyesha njia mbili tofauti. Kipande cha Dar es Salaam mpaka Morogoro kiliwekewa mkataba mwaka 2017, na serikali ikaanza kukilipia kwa fedha zake yenyewe. Uzuri wake ni kwamba humngojei mtu. Uzito wake ni kwamba kila hati ya mkandarasi inagombania kapu moja na dawa za hospitali na mishahara ya walimu. Baadaye, kwa ajili ya njia yote ya Dar es Salaam mpaka Makutupora, ulipatikana mkopo wa dola bilioni 1.46 uliotiwa saini Februari 2020, ukipangwa na benki ya Standard Chartered na kuwekewa bima na mashirika ya serikali za Sweden na Denmark ya kudhamini mauzo ya nje. Mashirika hayo yanamwambia mwenye benki: mkopeshe, na asipolipa tutakufidia. Hawafanyi hivyo kwa sadaka. Sehemu ya mkopo lazima irudi kwao kwa kununua vifaa na huduma za kampuni zao. Mkopo unakuwa na riba nafuu, lakini wewe unaamuliwa pia nani atakuuzia nini.

Watu wa hapa wanajenga msingi mwaka huu, ukuta mwakani, na bati Mungu akijaalia. Nyumba inasubiri, na mwenyewe anaweza kuhamia chumba kimoja. Reli haikubali mtindo huo. Kilomita nne bila ya tano haiwafikishi watu popote, na tuta lililoachwa masika mawili linaliwa na maji. Ndiyo maana kipande kidogo ambacho fedha zake zote zimefungwa kwa saini ni bora kuliko njia ndefu yenye ahadi.

Reli imekwisha, treni iko wapi?

Kipande cha Dar mpaka Morogoro kilitajwa kuwa zaidi ya asilimia 90 kwa miaka kadhaa kabla abiria wa kwanza hajakaa kwenye kiti. Wengi waliona ni maneno ya wanasiasa. Ukweli ni kwamba asilimia ile ilikuwa ya kazi za ujenzi. Vichwa vya treni na mabehewa vilikuwa na mikataba yake mbali, vilitengenezwa Korea Kusini, na mabehewa ya mwanzo yalishuka bandarini mwishoni mwa 2022, vichwa vya umeme vikafuata baadaye. Reli ilikuwepo, ikingoja cha kupita juu yake.

Kenya walichagua mkato kwa treni za mjini Nairobi. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na mwaka 2020 wakaleta treni za dizeli zilizotumika, kutoka kisiwa cha Mallorca, Hispania. Wapo waliokasirika kuona mitumba. Mimi naona ulikuwa uamuzi wa busara kwa mji unaotaka kwanza kujua kama watu watapanda. Treni mpya huagizwa na kusubiriwa miaka, wakati iliyotumika inaweza kuwepo mapema. Dar nao walianza hivyo hivyo kwa kutumia walichonacho: treni za mjini za Oktoba 2012, zile ambazo wananchi walizipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Mwakyembe, zilipita juu ya reli za zamani za kwenda Ubungo na za TAZARA.

Kazi za ardhini zenyewe watu wengi wanazielewa, nazipita haraka. Tuta linashindiliwa, mifereji inachimbwa, kokoto zinamwagwa, mataruma ya zege yanapangwa, reli zinafungwa. Kinachokula muda bila kuonekana ni vivuko vya barabara na mfumo wa ishara. Kila mahali barabara inapokatiza reli kunahitajika vizuizi vinavyoshuka vyenyewe, taa, kengele, na mawasiliano na treni inayokuja. Kule Marekani sheria inataka pia mfumo unaoifunga breki treni yenyewe iwapo dereva amepitiliza ishara. Yote hayo yanajaribiwa kwa treni tupu, tena na tena, kabla abiria hajaruhusiwa. Mtu anayepita barabarani anaona treni inapita bila watu na anadhani ni mchezo.

Na nani atalipia kesho?

Addis Ababa walijenga reli ya mjini ya umeme, kilomita 34 hivi katika njia mbili, wakaifungua mwaka 2015. Iligharimu kama dola milioni 475, na asilimia 85 ilikuwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Kwa ujenzi ilikuwa kazi nzuri na ya haraka. Lakini nauli iliwekwa chini sana, ili mwananchi wa kawaida amudu, na vipuri vilihitaji fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Katika treni 41 walizonunua, nyingi zikaishia kusimama gereji. Mkopo ukabaki unadai.

Sitaki mtu aisome habari hiyo kama hoja ya kupandisha nauli. Nauli ya treni za mjini, karibu dunia nzima, haitoshi gharama za kuendesha, seuze kulipa ujenzi. Hilo ni jambo la kawaida, kama vile barabara hairejeshi fedha zake. Tatizo la Addis ni kwamba ule upungufu haukuwekewa chanzo chake mapema. Anayejenga reli lazima aseme tangu siku ya kwanza: upungufu wa kila mwaka utalipwa na nini, na fedha hiyo nani hawezi kuigusa.

Hong Kong walijibu swali hilo kwa ardhi. Shirika la reli linapewa haki ya kuendeleza ardhi ya juu na pembeni ya vituo, linajenga maduka na nyumba pamoja na waendelezaji, na faida inalipia reli. Mantiki yake mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja anaijua. Kiwanja cha karibu na barabara mpya kinapanda bei kabla lami haijapoa. Kituo cha treni kinapandisha zaidi. Aliyeiweka reli ni umma. Basi kwa nini faida yote iende kwa aliyewahi kununua jirani yake?

Unguja: tulikuwa nayo

Zanzibar ilijua reli mapema kuliko sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Sayyid Barghash aliweka njia kutoka kasri yake mjini kwenda Chukwani mwaka 1879. Mwanzoni behewa zilivutwa na nyumbu, na baada ya miaka miwili kikaletwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka Uingereza. Alipofariki 1888, reli ikafa naye. Ilikuwa ya mtu mmoja, na haikuwa na mlipaji mwingine.

Ya pili ilikuwa ya wananchi. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney ilijenga kati ya 1904 na 1905 njia ya maili saba kutoka Ngome Kongwe kwenda Bububu. Ilipita mjini karibu mno na milango ya nyumba, kisha ikafuata ukanda wa pwani wa Mtoni. Watu wa shamba walikuja nayo sokoni. Katika miaka ya 1920 magari yaliishinda na huduma ya abiria ikafungwa.

Hapa ndipo hadithi yetu na ya Windsor zinapoachana. Wao treni ilikufa, njia ikabaki. Sisi vyote vilikwenda pamoja. Leo ukitoka Malindi kwenda Bububu, ukanda ule una barabara, nyumba za ghorofa, misikiti, maduka, skuli. Mtu akitaka kurudisha reli huko lazima abomoe, au aiinue juu kwa nguzo, na reli ya juu ya nguzo ni ghali mara kadhaa. Kuingia nayo ndani ya Mji Mkongwe hakufikiriki kabisa: tangu mwaka 2000 ni urithi wa dunia, na hakuna anayetaka kuona zege likipita mbele ya Forodhani.

Lakini tuna kitu ambacho watu wa California walilazimika kukinunua. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na serikali inatoa haki ya kuitumia. Mwenye shamba analipwa fidia ya alichojenga na alichopanda. Waliopitiwa na miradi ya barabara wanalijua zoezi hilo: sheha, mthamini na mwenye shamba wanazunguka pamoja, kila mti unatiwa alama ya rangi na kuandikwa daftarini, mnazi unaozaa mbali, mnazi mchanga mbali, mwembe mbali, kaburi la babu linajadiliwa peke yake. Zoezi likifanywa shamba likiwa shamba, linakwisha kwa miti. Likingojwa miaka kumi linakuta nyumba za matofali za ghorofa mbili, na hapo gharama inaweza kuua mradi kabla mhandisi hajachora mstari. Zaidi ya gharama, kuna watu. Familia iliyokusanya miaka ishirini kujenga haiwezi kufurahia fidia, hata ikiwa kamili.

Kwa hiyo katika yote haya, kitu cha kwanza na cha rahisi kuliko vyote ni kutenga njia. Ukanda wa mita kama 12 unatosha reli mbili sambamba, vituo vikihitaji zaidi. Kuutenga hakuhitaji mkopo wala mkandarasi. Kunahitaji ramani, tangazo rasmi, alama zinazoonekana ardhini, na maofisa wa ardhi ambao hawatatoa kiwanja ndani ya alama hizo hata akija nani. Ukanda uliotengwa unaweza kutumika kwa baiskeli na waenda kwa miguu kwa miaka, na ukaanza kwa mabasi yenye njia yake, mpaka fedha za reli zifungwe.

Fedha hizo nazo zina vyanzo zaidi ya bajeti na mkopo wa nje. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ilizindua Sukuk, hatifungani inayofuata misingi ya Kiislamu, ambayo mwekezaji hapati riba ila anapata sehemu ya kipato cha mali iliyojengwa. Ni chombo kizuri, na kimewafaa watu wengi wenye akiba ambao walikuwa wakikwepa benki. Ila kwa reli kina sharti: kipato lazima kiwepo. Kwa nauli peke yake hakitakuwepo. Kikiunganishwa na kodi za maduka na maofisi kwenye ardhi ya umma ya pembeni ya vituo, kinaweza kusimama.

Umeme pia hauna budi kuulizwa. Unguja inategemea waya wa chini ya bahari kutoka Bara, na tunaokumbuka miezi ya giza ya mwishoni mwa 2009 mpaka Machi 2010 hatuhitaji kuelezwa maana ya kutegemea waya. Mwaka 2013 ukaja waya mkubwa zaidi wa megawati 100 unaoibukia Fumba. Kabla ya kuchagua treni ya umeme, dizeli au ya betri, lazima ijulikane treni zitachukua kiasi gani cha umeme huo wakati wa jioni, pale ambapo nyumba na mahoteli yote yanawasha.

Njia ambayo ningeitenga kwanza ni ya Mwanakwerekwe kwenda Tunguu. Upande mmoja kuna soko na kituo cha magari, upande wa pili kuna Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na ofisi za serikali, na katikati bado kuna mashamba, ingawa kila mwaka matofali yanasogea. Ya pili ni ya Kiembesamaki, uwanja wa ndege na Fumba, ambako mji mpya unajengwa sasa hivi na mistari bado inachorwa. Bajeti ya wizara inayosimamia uchukuzi ikisomwa tena katika Baraza la Wawakilishi, swali la kumpa mwakilishi wako akuulizie liwe hili: njia ya reli imetangazwa kwenye ramani ya Kamisheni ya Ardhi, na kama bado, viwanja vingapi vimetolewa juu yake tangu mwaka jana?